UZI: Urea inapotelea wapi kwenye majaruba ya Simiyu, Magogo na Isanga?

Jaruba la Magu
Wakuu, uzi huu ni wa wanaolima mpunga na mahindi kwenye mabonde ya mito inayomwaga Ziwa Victoria upande wetu: Simiyu kule Magu, Magogo na Isanga kwa Misungwi na Kwimba. Kila msimu malalamiko ni yale yale: mtu kaweka mfuko wa urea, mpunga umekolea kijani wiki moja, ukarudi njano, basi anasema mbolea ni feki. Feki zipo, ila mara nyingi urea ilikuwa nzima. Imepotea tu, na njia zake za kupotea zinajulikana.

Hesabu kwanza. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni (46%). Mpunga unahitaji kufyonza takriban kilo 15 hadi 20 za naitrojeni kwa kila tani moja ya mavuno. Ukimwaga urea juu ya maji, kinachoingia kwenye mmea ni kama theluthi, kilo 7 hivi. Hizo zinakupa kilo 400 na ushee za mpunga. Ukiiweka ndani ya tope na ukasimamia maji, unaweza kufika nusu, yaani kilo 11 na nusu, sawa na kilo 650 na kitu. Mfuko ni ule ule, bei ni ile ile, tofauti ni karibu gunia tatu.

Sasa kinachotokea. Jaruba (kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa matuta) likijaa maji, oksijeni kwenye tope inaisha ndani ya siku moja au mbili. Juu kabisa inabaki ngozi nyembamba ya milimita chache, isiyozidi sentimita moja, yenye oksijeni kidogo. Chota tope kwa jembe taratibu utaiona: juu kahawia, chini kijivu cha risasi. Vita yote ya naitrojeni inapiganwa kwenye mpaka huo.

Urea ikianguka kwenye maji, ndani ya siku mbili hadi tano inageuka amoniamu. Mchana ukoga wa kijani unanyonya kaboni dayoksaidi iliyomo majini, na pH (kipimo cha uchachu, ikipanda uchachu umepungua) ya maji inapanda kutoka 7 ya asubuhi hadi 9 au zaidi saa nane mchana. Kwenye pH hiyo amoniamu inageuka gesi ya amonia, na upepo wa ziwa unaiondoa. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza. Ya pili: amoniamu iliyobaki kwenye ile ngozi ya juu inageuzwa na bakteria kuwa naitreti. Naitreti haishikwi na udongo, inazama kwenye tope lisilo na oksijeni, na bakteria wa huko wanaipumua badala ya oksijeni. Inatoka kama gesi ya naitrojeni, ile ile iliyojaa hewani.

Kwa hiyo lengo ni moja: naitrojeni iwe amoniamu, iwe ndani ya tope la kijivu, na ibaki hapo. Karibuni kwa maswali.

NyamaganaBoy
Mkuu, dukani wanashauri mbolea ya CAN (calcium ammonium nitrate) kwa sababu "haipotei hewani kama urea". Vipi hapo?

Jaruba la Magu
Kwa mahindi wana hoja. Kwa jaruba lenye maji, hapana. Nusu ya naitrojeni ya CAN ni naitreti tayari. Mfuko wa CAN ya 27% una kilo 13.5 tu za naitrojeni, na karibu kilo 7 kati ya hizo zinaingia kwenye tope zikiwa katika umbo linalopotea haraka kuliko yote. Unalipia mfuko, unatumia nusu.

Kama hutaki urea, chukua SA (sulphate ya ammonia). Ina 21% ya naitrojeni, kilo 10.5 kwa mfuko, yote amoniamu, na salfa juu yake. Haipandishi pH ya maji kama urea. Ubaya wake ni gharama kwa kilo ya naitrojeni, na kwenye tope lenye mabaki mengi ya viumbe hai salfa ikizidi inatoa ile harufu ya yai bovu na mizizi inakuwa myeusi.

Na kwa wale wenye mabaki ya msimu uliopita: msichanganye urea na CAN kwenye ndoo moja. Zikikutana zinavuta unyevu na kugeuka uji.

BibiShamba_Misungwi
Jaruba la Magu umeeleza vizuri. Niongeze jambo ambalo wengi hawalihesabu kabisa: naitrojeni inayopotea kabla hujaweka hata punje moja ya mbolea.

Udongo wa bonde ukikauka kuanzia Juni hadi Septemba, kisha ukapata mvua za kwanza za Oktoba, viumbe hai vya udongo vinaamka kwa kishindo na kuachia naitreti nyingi kwa mkupuo. H. F. Birch, aliyekuwa akifanya utafiti Muguga, Kenya, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1958, na mpaka leo wataalamu wa udongo duniani kote wanaliita kwa jina lake. Ni jambo la kwetu Afrika Mashariki hili.

Kwenye shamba la mlimani mahindi yaliyopandwa mapema yanaidaka hiyo naitreti. Ndiyo maana mahindi ya mvua za kwanza yanakuwa kijani hata bila mbolea. Kwenye bonde mambo ni mengine: Oktoba na Novemba jaruba liko tupu, naitreti inajikusanya, halafu Desemba au Januari mto unapanda au mvua inajaza matuta, na yote inaondoka ndani ya wiki moja mbili. Huoni kitu, ila ulichopoteza kinaweza kukaribia mfuko wa urea.

Dawa ni kuwa na mmea shambani wa kuidaka. Choroko inafaa kwa sababu inakomaa kwa siku 60 hadi 70. Ukiipanda kwa mvua za kwanza, unaweza kuchuma mapodo ya mwanzo na kulima masalia yakiwa mabichi wiki moja hadi mbili kabla ya kupandikiza. Hata magugu yanasaidia! Usiyachome wala kuyang'oa na kuyatupa kwenye tuta. Yalime yakiwa mabichi, kabla hayajatoa mbegu. Kilichomo ndani yake ni naitreti uliyookoa.

Mzee wa Mbuga
Mnazungumza kama bonde lote ni udongo mmoja. Karibu na mto, pale maji yanapotoka kwenye kingo na kupunguza mwendo, mchanga ndio unaotua kwanza. Ukiondoka mita mia moja, mia mbili, unakuta tifutifu, na kule chini kabisa ambako maji yanatuama unakuta mfinyanzi. Halafu pembeni kuna itogolo, ule udongo wenye tabaka gumu chini ambao Wasukuma wameufanyia majaruba miaka yote, na mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi hadi mguu unaingia.

Ushauri wa kufukia urea kwenye udongo wa mchanga wa kingoni ni kuitupa chini ya mizizi. Maji yanapita, amoniamu haina cha kuishikilia.

BibiShamba_Misungwi
Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa. Kupima ni rahisi: chukua udongo mbichi, ufinyange uwe kama mjusi mrefu, kisha uusukume kwa kidole gumba uwe utepe. Ukikatika kabla ya sentimita 2, una mchanga mwingi. Ukifika sentimita 5 bila kukatika, ni mfinyanzi. Kipimo cha pili ni maji yenyewe: jaza jaruba jioni, chomeka kijiti chenye alama, angalia kesho yake. Yakishuka zaidi ya sentimita 2 kwa siku bila tuta kuvuja, sahau kufukia urea. Gawa kidogo kidogo mara tatu au nne, au panda mahindi na mtama pale.

Mzee wa Mbuga
Marahaba. Na kwenye mbuga nyeusi usitangulize mbolea wakati nyufa hazijafunga. Mvua kubwa ya kwanza inaishusha kwenye ufa hadi nusu mita chini.

kwimbakwetu
Wakuu naomba hatua kwa hatua kwa ekari moja. Mpunga aina ya SARO 5, jaruba la itogolo, maji yanategemea mvua na kijito.

Jaruba la Magu
Kwanza pima ekari yako. Ile ya "hatua 70 kwa 70" ikipigwa kwa mita inakuwa mita za mraba 4,900, wakati ekari ni 4,047. Unakuwa umeongeza kama moja ya tano ya shamba na mbolea inakuwa nyembamba.

Sawazisha. Jaruba lenye kichuguu upande mmoja na shimo upande mwingine halina kipimo sahihi cha mbolea, maana kule juu naitrojeni inageuka naitreti kila maji yakishuka, kule chini miche inazama. Ni afadhali majaruba madogo mengi kuliko moja kubwa. Ziba matundu ya panya na kaa kwenye matuta kabla ya kuvuruga tope.

Mbolea ya kupandia, DAP, mfuko mmoja (naitrojeni kilo 9, fosfeti kilo 23) mwaga wakati wa kuvuruga kwa mara ya mwisho, ichanganyike na tope, siku hiyo hiyo au kesho yake pandikiza. Usiiache jarubani wiki nzima ukisubiri vibarua.

Miche iwe ya siku 18 hadi 21, nafasi sentimita 20 kwa 20, miche miwili kwa shina.

Urea ya kwanza: siku 14 hadi 21 baada ya kupandikiza, nusu mfuko. Palilia kwanza, la sivyo unalisha ndago. Punguza maji hadi tope libaki limelowa tu au maji ya sentimita 1 au 2. Mwaga urea majani yakiwa makavu, yaani umande umeisha, halafu vuruga kwa mkono au kwa mashine ya kupalilia ya kusukuma. Rudisha maji sentimita 5 baada ya siku moja au mbili. Funga mdomo wa jaruba siku tano hadi saba, pasitoke hata tone.

Urea ya pili: nusu mfuko, mpunga unapoanza kutengeneza suke tumboni. Hapa wengi wanachelewa kwa sababu wanasubiri waone kwa macho kwamba umebeba mimba. Ng'oa shina kubwa, kata mizizi, pasua bua kwa wembe kutoka chini kwenda juu. Ukiona pingili ya chini imeanza kurefuka na juu yake kuna kitu cheupe chenye manyoya, urefu wa milimita 1 au 2, hiyo ndiyo siku. Kwa aina ya siku 120 inaangukia karibu siku ya 55 hadi 60 tangu kusia kitaluni. Pasua mashina matano kutoka sehemu tofauti, matatu yakionyesha, weka.

Suke likishatoka nje, acha urea dukani.

NyamaganaBoy
Na vile vidonge vya urea vya kufukia? Vina faida kweli au ni mambo ya mashamba ya maonyesho?

Jaruba la Magu
Vina faida pale tu panapofaa. Kidonge kimoja kinafukiwa katikati ya mashina manne, kina cha sentimita 7 hadi 10, siku kama 7 baada ya kupandikiza. Kwa nafasi ya 20 kwa 20 inatoka kidonge kila sentimita 40 kwa 40, yaani 62,500 kwa hekta, kama 25,300 kwa ekari. Kidonge cha gramu 1.8 kinakula kilo 45 na nusu za urea kwa ekari, chini ya mfuko mmoja, na unaweka mara moja kwa msimu.

Masharti: mistari iwe mistari kweli, udongo uwe mfinyanzi, maji yawepo. Ukiacha shimo wazi ammonia inapanda juu na faida imekwisha, kwa hiyo ziba kwa kidole kila unapofukia. Kazi ni kubwa, vidonge elfu 25 ni migongo ya watu. Kwa anayelipa vibarua, mimi naona kuvuruga urea ya kawaida kwenye tope kunamrudishia zaidi kwa kila shilingi. Kwa familia yenye nusu ekari, vidonge.

Mzee wa Mbuga
Hapo kwa SARO 5. Mpunga wa Supa je? Mpe Supa mfuko mzima wa urea uone kama hutavuna umelala chini.

Jaruba la Magu
Sahihi mzee wangu. Supa ina bua refu. Bonde likiwa na rutuba, nusu mfuko wa urea kwa ekari inatosha, na sehemu kubwa iende wakati wa suke, si mwanzoni. Na kwenye ardhi iliyokuwa na mafunjo au matete kando ya ziwa, Supa isipewe naitrojeni kabisa misimu ya mwanzo. Udongo ule una mboji nyingi, ukipata hewa unaachia naitrojeni mwenyewe hadi mpunga unaanguka. Halafu miaka inavyokwenda unapungua.

Ila kwanza ujue sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Wengine wanapima kutoka pale maji yalipo kiangazi, wakasahau jinsi ziwa lilivyopanda 2020 na kumeza mashamba.

dengu_na_choroko
Hamjagusa dengu. Baada ya kuvuna mpunga Mei kwenye mfinyanzi, unyevu uliobaki unakuza dengu bila mvua. Hiyo si naitrojeni ya bure?

BibiShamba_Misungwi
Kaka, ni ya bure kwa masharti. Dengu zinavuta naitrojeni ya hewani, lakini sehemu kubwa inahamia kwenye punje, na punje unauza. Na kwetu dengu zinang'olewa nzima, zinapelekwa nyumbani kupurwa, makapi yanaliwa na mbuzi. Hapo shamba linaweza kubaki na naitrojeni pungufu kuliko lilivyoanza. Kata shina juu ya ardhi ukiacha mizizi, purua shambani, rudisha makapi. Faida nyingine ambayo sioni ikitajwa: dengu zinatunza jaruba wakati wa kiangazi, udongo haukai uchi.

kwimbakwetu
Na samadi? Zizi limejaa, mbolea ya dukani hata ya ruzuku bado inauma.

BibiShamba_Misungwi
Samadi ya zizi la wazi ina mchanga mwingi na mkojo umeshapotea. Naitrojeni yake mara nyingi ni 0.5% hadi 1.5% ya uzito mkavu. Chukua 1%: tani 2 zina kilo 20, karibu mfuko wa urea, lakini msimu wa kwanza mmea unapata robo au theluthi tu. Mingine inakuja miaka inayofuata, kwa hiyo anza leo usitegemee muujiza Mei. Lundika, funika kwa nyasi au turubai, iingize shambani wiki mbili tatu kabla ya kuvuruga.

Majani ya mpunga yana naitrojeni kidogo na kaboni nyingi. Ukiyafukia siku chache kabla ya kupandikiza, bakteria watagombania naitrojeni na miche na utaona njano wiki tatu za mwanzo. Yafukie mapema, unyevu ukiwa bado upo. Usiyachome, maana potasiamu nyingi ya mpunga imo humo, na majivu yanapeperuka.

NyamaganaBoy
Magugu maji je? Yamejaa ghuba nzima, bure.

BibiShamba_Misungwi
Zaidi ya 90% ni maji. Tani moja mbichi inakuachia kilo 50 hadi 60 kavu, na humo naitrojeni ni kama kilo moja. Kilo mbili na robo za urea zinafanya hiyo kazi. Kama yamefika mlangoni kwa shamba lako, tengeneza mboji. Kukodi gari, hapana.

ukingo_wa_isanga
Mimi swali langu ni mahindi kwenye kingo za mto. Maji yamepita siku tatu, yameondoka, mahindi yana majani sita na yamekuwa njano. Niongeze mbolea?

Jaruba la Magu
Ng'oa mche mmoja uangalie mizizi. Ikiwa myeupe na imara, subiri udongo ukubali kukanyagwa bila kunata, kisha weka mbolea ya kukuzia. Hapa CAN ndiyo mahali pake: naitreti yake inaingia kwenye mmea mara moja. Mizizi ikiwa ya kahawia na inatoka ngozi ukiivuta, mbolea haitaokoa kitu, panda upya kwa aina ya muda mfupi au weka mtama.

Kipimo kwa anayetumia urea: mahindi ya sentimita 75 kwa 30 ni kama mimea 18,000 kwa ekari. Kisoda kilichojaa urea ni kama gramu 4 hadi 5. Kisoda kwa kila mmea ni kilo 72 hadi 90, nyingi mno kwa kingo zinazofurika. Kisoda kimoja kwa mimea miwili, fukia sentimita 5 pembeni ya shina. Nusu sasa, nusu wiki tatu baadaye, maana mafuriko ya pili yakija hupotezi vyote.

Mzee wa Mbuga
Na si kila njano ni naitrojeni. Hili linaua watu kwa hasara.

BibiShamba_Misungwi
Asante mzee. Naitrojeni ikipungua, majani ya chini yanaanza, njano inatoka kwenye ncha na kushuka katikati ya jani. Majani mapya yakiwa njano na ya zamani kijani, fikiria salfa. Madoa ya kutu kwenye majani ya zamani, miche imedumaa wiki ya pili hadi ya nne baada ya kupandikiza, kwenye mbuga yenye chokaa: zinki, na urea inazidisha. Rangi ya chungwa au shaba kwenye udongo mchachu wenye utando wa mafuta juu ya maji: chuma kimezidi, toa maji, kausha siku chache. Na njano ya michirizi, mimea mifupi imetawanyika kwa mabaka, machipukizi machache: hiyo ni kimyanga, virusi vilivyogunduliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 hapa hapa kando ya ziwa, karibu na Kisumu. Ng'oa na uzike, mbolea haitibu virusi.

Anayetaka uhakika aache kipande cha mita 5 kwa 5 bila urea, akitenge kwa katuta kadogo maji yasiingiliane. Siku ya kuvuna pima kipande hicho na kingine cha ukubwa huo huo kilichopata urea. Kila kilo moja ya tofauti ni kama kilo 160 kwa ekari. Tofauti ya kilo 2.5 ni kilo 400, na kwa naitrojeni kilo 23 hiyo ni kilo 17 za mpunga kwa kila kilo. Nzuri. Ikishuka chini ya 10, usiongeze mbolea, tafuta inakovuja.

ukingo_wa_isanga
La mwisho kwangu. Nimemwaga urea kwenye mpunga asubuhi, jioni mto ukavunja tuta. Nirudie?

Jaruba la Magu
Kama ulimwaga juu ya maji na mto ukapita siku hiyo hiyo, hesabu imeondoka, urea inayeyuka haraka. Kama uliivuruga kwenye tope na zimepita siku nne au zaidi, sehemu kubwa imeshakuwa amoniamu na mfinyanzi umeishika. Usirudie kwa hasira. Ziba tuta, subiri siku 7 hadi 10, tazama jani la juu lililokunjuka lote. Kama limefifia weka robo mfuko, si zaidi. Mfuko uliobaki funga mdomo kwa kamba na uuweke juu ya mbao, sakafu ya udongo inaulowesha.